Filipus Tandirerung, Mwita Majina wa Jukwaa la Nyama

Mchungaji wetu, wazee wa tongkonan, nyumba ya ukoo wetu, mgeni wetu wa heshima Bwana Kornelius, majirani wa Buntu Pasele na nyote mliopanda mlima huu tangu juzi kwa magari na kwa miguu, familia inawaomba mtulie kidogo humo vibandani, mvua ikituruhusu, tuwasomee maisha ya huyu baba aliyelala mbele yenu, tangu alipoingia duniani mpaka siku aliyotushinda kumzuia. Anayesoma ni binti yake, mtoto wa tatu, Agustina, mwalimu wa shule ya msingi huko Makassar, ambaye wazee wamemwomba asome kwa ufupi, naye amewajibu kwamba atajitahidi.

Marehemu Filipus Tandirerung alizaliwa tarehe 2 Mei 1947, hapa hapa Buntu Pasele, akiwa mtoto wa tano wa marehemu Pong Tandi na marehemu Lai' Rombe, wakulima wa mpunga na kahawa, watu wa katikati, si wa kuketi mbele na wazee wala si wa kuketi nyuma ya jiko. Inasemekana usiku aliozaliwa alilia kwa nguvu hata watu wa ng'ambo ya bonde wakatuma mtu kuuliza nani amefariki. Bibi yetu alikuwa akiisimulia habari hiyo kila tulipokula naye, na kila mara marehemu aliinamisha kichwa kwa aibu, mtu mzima na mvi zake.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1955 katika shule ya misheni iliyokuwa kule chini mtoni, akamaliza la sita mwaka 1961, kisha akateremka mjini Rantepao kuendelea na masomo ya sekondari, akakaa huko miaka miwili tu, kwa sababu mwaka 1964 baba yake alifariki, na nyati waliochinjwa kwenye mazishi ndio waliokuwa karo yake. Hakulalamika, au kama alilalamika, sisi hatukuwa tumezaliwa. Alirudi kijijini na vitabu vyake vya hesabu, akavipanga juu ya kasha la mpunga, na panya wakavimaliza taratibu.

Kuhusu kazi, alikuwa mkulima wa kahawa maisha yake yote, na miti yake iko pale chini ya kanisa mnaiona, lakini tuseme ukweli, hakuna aliyepanda mlima huu kuja kumlilia mkulima wa kahawa. Mmekuja kumlilia mwita majina. Kazi hiyo aliipata mwezi Agosti 1971, kwenye mazishi ya babu wa Ne' Kombong, mzee wetu mkuu huyu tuliye naye, pale mwita majina wa zamani alipopaliwa na tembo katikati ya shughuli, sauti ikakauka, nyama inangoja na nzi hawangoji, ndipo wazee wakamwambia kijana Filipus apande amalizie, naye akamalizia kwa miaka arobaini na tisa.

Wenyeji mnaijua kazi yenyewe, lakini wapo wakwe zetu waliotoka mbali, kwa hiyo tuieleze. Nyati akishachinjwa, wazee huketi na kuamua nani apewe kipande gani na nani aitwe kabla ya nani, kisha mwita majina hupanda juu ya lile jukwaa la mianzi, hukiinua kipande, huliita jina la mtu mbele ya kijiji kizima, na kumtupia mwenyewe. Kuna mapaja, kuna vichwa, kuna mbavu, halafu kuna vile vipande vya mwishomwisho ambavyo watu huitiwa wakati wageni wameshaanza kufunga mizigo. Mtu anaweza kuishi miaka mingi hajui amewekwa wapi hapa duniani, ila akija mazishini kwetu ataambiwa, tena kwa sauti kubwa. Tumeona watu wazima wakilia kwa sababu ya ubavu. Waliokosa walichokitaka walimnunia marehemu, wengine wakapita mlangoni kwake bila salamu, naye hakuwa na jibu isipokuwa lile lile moja, "Mimi ni koo tu. Kichwa kimeketi kule kwa wazee."

Nyumbani lakini alikuwa na maneno mengine. Alituambia kwamba ukiwa kule juu humwoni sana anayepewa, unawaona wanaotazama, nani anasogea mbele ili aonekane karibu na mwenye paja, nani anapiga makofi kabla jina halijaisha, nani amemgeuzia mgongo mjane anayepokea utumbo. Alisema miaka ya mwanzo alidhani anawatangaza wakubwa, baadaye akang'amua kwamba anatutangaza sisi. Tulikuwa watoto, tukacheka, tukamwomba atutupie viazi kutoka juu ya ngazi na kutuita majina, naye akatuita kila mmoja kwa sauti yake yote, mpaka mbwa wakatoka mbio.

Tarehe 16 Oktoba 1973 marehemu alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Damaris Lai' Tasik, binti wa kijiji cha pili kutoka hapa, na Mungu akawajalia watoto wanne, Yunus mwaka 1974, Simon mwaka 1977, Agustina mwaka 1980 na Ribka mwaka 1984. Tangu hapo kijiji kikamwita Ambe' Yunus, baba wa Yunus. Nyumba yao haikuwa ya kelele, kwa sababu mama alisema mume wake anamaliza kelele zote kazini.

Mwaka 1994 mama alishikwa na kifua kikuu. Hapa familia inaomba isimlaumu mtu, maana ugonjwa ule ulitisha na watoto walikuwa wengi kijijini, lakini ni kweli kwamba majirani waliacha kuingia, na wale jamaa ambao baba alikuwa ameyaita majina yao kwa nguvu zote walituma salamu kwa mdomo wa watoto waliosimama nje ya uzio. Wakati huo ndipo alipoanza kuja mama mmoja wa kijiji hiki, ambaye jina lake hamtalisikia katika historia hii, na sababu yake itafuata. Ni mtu wa ule ukoo ambao zamani ulimilikiwa na ukoo mwingine, neno lenyewe siku hizi hatulitamki kanisani, ingawa tunapogawa nyama hatujalisahau hata kidogo. Wao ndio wanaoosha maiti zetu, ndio wanaoteka maji ya shughuli zetu, na wanapewa chao mwisho kabisa.

Mama yetu aliaga dunia tarehe 21 Juni 1995. Kwa desturi yetu, mtu ambaye hajafanyiwa mazishi ni mgonjwa tu, analala chumba cha kusini, anapelekewa chakula na kahawa, anasemeshwa. Baba hakuwa na nyati, kwa hiyo mama akawa mgonjwa kwa miaka sita. Mwaka wa kwanza jamaa walikuja, wa pili wakapungua, wa tatu mlango ule ukawa unafunguliwa na baba, na sisi watoto tukiwa likizo, na yule mama. Hakuwa ameajiriwa wala hakuwa amelazimishwa. Alikuja jioni baada ya shamba, akaketi kwenye mkeka, akampigia mama umbea.

Baba alikuwa amekaa miezi mingi bila kucheka. Siku moja alikuwa akimenya viazi nje ya kile chumba, akamsikia yule mama mle ndani akisema, "Damaris, mumeo jana kaunguza wali, leo kaunguza maji. Na kutwa anaita majina ya watu wasiojua hata kama umeugua. Amka umchape." Baba alicheka mpaka kisu kikamkata kidole. Kovu lile alikufa nalo. Alituambia baadaye kwamba tangu siku ile aliona aibu kila alipopanda jukwaani, kwa sababu alimjua mtu mmoja wa kumheshimu katika kijiji chote, na jina la mtu huyo lilikuwa linamfikia mwisho, pamoja na ngozi na kwato. Mama alizikwa tarehe 9 Agosti 2001, na baba mwenyewe ndiye aliyeita.

Sasa ni lazima tumtaje Bwana Kornelius, na tunamtaja kwa shukrani. Yeye ni mtoto wa ukoo huu, mwenye shughuli zake kule Samarinda, ambazo hajawahi kutuambia ni shughuli gani na sisi hatujawahi kumuuliza. Tangu mwaka 1989 hajakosa kuleta nyati kwenye misiba mikubwa, wa mabaka meupe, wale ambao watu hupiga nao picha, na tangu mwaka huo paja la kwanza limekuwa lake. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walishamaliza. Hajawahi kuketi na mgonjwa yeyote wa kijiji hiki, lakini hilo si kosa lake, hakuna aliyewahi kumtaka aketi. Na ili msidhani familia inajitoa lawamani, yule nyati wa mabaka aliyefungwa pale karibu na ghala la mpunga ni wake, amemleta kwa ajili ya baba, na siku aliposhushwa kwenye lori sisi watoto wa marehemu tulilia kwa furaha, tukampiga picha, tukawatumia marafiki zetu wa Makassar. Hicho ndicho tulichokuwa tunakifanya katika msiba wa baba yetu wenyewe.

Mwezi Julai 2008 palikuwa na mazishi ya bibi mmoja wa tongkonan kubwa, ambaye alikuwa amelala mgonjwa miaka mitatu, na aliyeketi naye miaka yote mitatu mnamjua. Siku ya kugawa nyama wageni walijaa vibandani, kila mtu na mkeka wake, ila yeye hakupewa hata pa kuweka nyonga, alikuwa akipita na ndoo za maji kutoka kisimani kwenda jikoni. Ulipofika wakati wa paja la kwanza, Bwana Kornelius alikuwa hajafika, gari lake lilikwama kwenye matope kule chini. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, ila hapa kwetu inategemea ni nani hayupo. Wazee wakamwambia marehemu angoje. Akangoja, paja mkononi, huku kijiji kizima kimepindisha shingo kuitazama barabara tupu. Katikati ya uwanja alikuwa anapita mtu mmoja tu, na ndoo yake kichwani, na hakuna jicho lililomwona isipokuwa la mtu aliyesimama juu.

Marehemu akaliita jina lake. Aliliita kwa ile sauti yake ya mapaja, sauti iliyovuka bonde na kurudi, na paja likaanguka miguuni pa yule mama.

Shingo zote zikaiacha barabara. Kisha mwanamke mmoja alicheka, wakafuata wengine, kisha Ne' Kombong akasimama na kicheko kikakatika. Yule mama aliitua ndoo, akaliokota paja, akalipangusa udongo kwa kanga yake mwenyewe, akalipeleka mpaka chini ya jukwaa, akaliweka pale juu ya jani la mgomba, akajitwisha ndoo yake akaenda jikoni. Hakumtazama baba. Baba alisema angemtukana ingekuwa nafuu.

Wazee walikaa siku iliyofuata. Wakasema yule mama amegusa nyama ya mtu aliye juu yake, na uwanja umechafuka, kwa hiyo alipe nguruwe wawili wausafishe. Baba alisimama akasema kosa ni lake, nguruwe atalipa yeye, hata wanne. Wakamjibu kwa upole kabisa kwamba yeye hana kosa lolote, kwa sababu yeye ni koo tu, na koo halina kosa, ametufundisha mwenyewe miaka yote. Kwa hiyo walilipwa nguruwe wawili, na aliyelipa ni yule aliyeheshimiwa. Mwezi uliofuata wakwe watarajiwa wa binti wa yule mama walirudisha maneno, wakisema hawataki kuoa kwenye nyumba inayosemwa. Baba alikuwa amedhani heshima ni kitu unachoweza kumtupia mtu akakidaka. Hakujua kwamba kijiji kikiwa hakijakubali, huyo mtu inamwangukia.

Yule mama hakukanyaga kwetu mwaka mzima. Baba alikwenda mara kadhaa mpaka kwenye ngazi ya nyumba yake akarudi bila kupanda, jitu lenye sauti ile. Alijaribu kuiacha kazi, akawaambia wazee koo limechoka, wakamwambia sawa, tutamweka mwingine, akafikiria atakavyoita huyo mwingine, akarudi. Kitu pekee kilichokuwa chake kule juu ni sauti, basi akaanza kuyaita majina ya mwisho kwa nguvu zile zile za majina ya kwanza, akiyavuta na kuyapandisha, mjane wa watu anaitiwa kipande cha pafu kama anaitiwa kichwa cha nyati. Vijana walimcheka, wakasema mzee ameanza kuchanganyikiwa, na mpaka leo wapo wanaomwigiza wakinywa tembo. Paja liliendelea kwenda lilikokuwa likienda.

Mwaka 2009, mwishoni, yule mama alitokea jikoni kwetu jioni, akaketi, akasema, "Ambe' Yunus, siku nyingine ukitaka kunipa kitu, nipe kahawa." Akapewa kahawa. Hapakuwa na zaidi.

Kuhusu ugonjwa wake, marehemu aligunduliwa na kisukari mwezi Machi 2015, akakidharau kama wanaume wa hapa wanavyodharau, na kufikia mwaka 2019 figo zilianza kushindwa, ikabidi ateremshwe Makassar mara kwa mara kusafishwa damu, safari ya usiku kucha kwa basi, akiwa ameegemea bega la mtoto mmoja au mwingine. Mwaka 2020 alipanda jukwaani kwa mara ya mwisho. Mwezi Desemba 2021 akakataa kurudi hospitali, akatukusanya sote wanne, na sauti ikiwa imebaki kidogo akatuambia, "Siku yangu, wa kwanza kuitwa awe yeye. Nimeita majina ya watu maisha yangu yote. Hili moja ni langu." Tuliahidi. Tulikuwa tunalia, na mtu anayelia huahidi chochote, lakini tuliahidi.

Aliaga dunia tarehe 9 Februari 2022, nyumbani, kabla ya jua kuchomoza, akawekwa chumba kile kile cha kusini. Sisi tulirudi makazini kwetu, tukaanza kutafuta nyati. Aliyebaki akimletea kahawa na kumpa habari za kijiji ni yule yule, nani ameuza pikipiki, nguruwe wa nani ameingia shamba la kanisa, na kwamba mwita majina mpya, mtoto wa Ne' Kombong, ana sauti ya mbuzi aliyekabwa. Tulimsikia kwa masikio yetu tulipokuja Pasaka. Alimwambia baba asicheke, kuna wageni.

Wiki hii familia ililipeleka neno la marehemu mbele ya wazee. Tulijiandaa kwa ugomvi, na Yunus alikuwa ameshakunja mikono ya shati, lakini hapakuwa na ugomvi. Ne' Kombong alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wosia ni mzito, wanangu, hatuukatai. Aitwe. Ila asimame yeye mwenyewe uwanjani, mbele ya watu, alipokee kwa mikono yake miwili, kama anajiona anastahili." Na Bwana Kornelius, tumshukuru, alisema yeye hana neno. Sisi tukatoka pale tunakumbatiana. Miaka ya kuishi mjini inaharibu akili, kwa maana hatukuona tumeambiwa nini. Tulikimbia jikoni kumpelekea habari njema, kama watoto walioshinda mchezo.

Alikuwa akichochea moto. Alitusikiliza bila kugeuka, kisha akasema maneno ambayo familia imeamua yasomwe kama yalivyo, kwa kuwa jina ndilo alilokataa, hakukataza maneno. Alisema, "Wanangu, nyinyi keshokutwa mnapanda basi mnarudi zenu Makassar. Mimi nabaki na midomo yao. Baba yenu aliniheshimu mara moja, nikalipa nguruwe wawili na ndoa ya mwanangu. Sina nguruwe wa heshima ya pili."

Yunus akamwambia huu ni wosia wa baba, hatutapata amani tusipoutimiza. Akamjibu, "Ndiyo hivyo. Mnataka amani yenu, niilipie mimi." Kisha akatuomba tusilitaje jina lake, si jukwaani, si kanisani, si kwenye karatasi hii. Akatuuliza kama tumeshakunywa kahawa.

Tumelifikiria jambo hili usiku na mchana. Tukilitaja jina lake tunamtii baba na kumuumiza yeye, tusipolitaja tunamtii yeye na kumdanganya baba, na kila upande tunaogeukia wanaofurahi ni wale wale. Wengine katika familia wamesema labda tumtafutie zawadi ya siri, wengine wamesema tumhamishie Makassar, naye amesema Makassar kuna joto. Hatukupata njia. Mnaotutazama mkidhani watoto wa Filipus wamesoma na wana la kufanya, mnatuonea bure. Tumesimama hapa mikono mitupu. Alituuliza baba siku moja, kwa utani, kijiji kinachomwogopesha mtu kwa kumheshimu kiitweje, na hakuna aliyemjibu, na leo pia hatuna jibu.

Marehemu ameacha watoto wanne, wajukuu tisa na kitukuu mmoja.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomhudumia Makassar kwa uvumilivu, hata siku zile alizowaita majina yao kwa sauti ya jukwaani na kuwaamsha wagonjwa wengine, kwa mchungaji na kwaya, ambako aliimba besi tangu ujana wake, kwa wakulima wenzake wa kahawa waliovuna miti yake alipokuwa hawezi, kwa majirani waliojenga vibanda hivi na kukata mianzi hii, kwa wazee wa tongkonan wakiongozwa na Ne' Kombong, na kwa Bwana Kornelius kwa nyati wake. Si rahisi kumshukuru kila mmoja kwa jina, hilo husemwa katika kila msiba, na leo ni kweli kuliko siku zote.

Kuna mmoja hatumtaji. Tunaona baadhi yenu mmeanza kugeuza shingo kuelekea jikoni. Tunawaomba, jamani, msigeuke. Miaka yote hamkugeuka, leo pia msigeuke. Yuko kazini, maji yanachemka, na ametuomba.

Baba, tukimaliza kusoma hapa watapanda jukwaani, na wa kwanza kuitwa ni Bwana Kornelius. Tulijaribu, tukashindwa. Pumzika kwa amani, Ambe' wetu, kama utaweza.